Ajali Haina Kinga: Nakubali, Sikubali

Katika dodoso tulilokuwa tukilitumia, sentensi ya kumi na nne ilikuwa fupi kuliko zote: "Ajali haina kinga." Chini yake palikuwa na majibu matano ya kuchagua: sikubali kabisa, sikubali, sina upande, nakubali, nakubali kabisa. Kazi yangu ilikuwa kuisoma kwa sauti isiyoegemea popote, kusubiri jibu, kubonyeza kishikwambi, kisha kwenda ya kumi na tano. Nilifanya hivyo kwa wiki sita, kati ya stendi ya Msamvu mjini Morogoro na maegesho ya malori kando ya barabara ya kwenda Iringa, nikiwahoji madereva wa mabasi, malori na daladala.

Walioliandika dodoso walikuwa na sababu nzuri ya kuiweka sentensi hiyo. Walitaka kupima imani ya dereva juu ya kudra. Mtu anayeamini kwamba saa yake ikifika imefika, atafunga mkanda kwa ajili gani? Basi aliyekubali methali alihesabiwa kuwa na mtazamo hatarishi, na aliyeikataa akahesabiwa kuwa na mtazamo salama. Lakini madereva walikuwa Waswahili kabla ya kuwa wahojiwa, na methali kwao haijibiwi kwa ndiyo au hapana. Mzee mmoja, aliyeendesha malori ya Tunduma tangu kabla sijazaliwa, aliitikia shikamoo yangu, akasikiliza sentensi mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, unataka kujua kama methali ni ya kweli, au kama huwa naisema?"

Nikamwomba ajibu anavyoelewa yeye. Akasema huwa anaisema kila anapokwenda kwenye msiba wa dereva mwenzake, ili mjane asianze kuuliza nani alikosea. Akiwa nyuma ya usukani haisemi hata kidogo, kwa sababu pale kinga anaijua: ni breki zake, macho yake na usingizi alioupata jana. Mwishowe alichagua "nakubali" kwa heshima ya wahenga, na kwenye hesabu zetu akaingia upande wa wenye mtazamo hatarishi.

Tangu siku hizo nimebaki na maswali mawili ambayo naona ni ya maadili zaidi kuliko ya takwimu. La kwanza: tunapomwomba mtu ukweli unaoweza kumponza, tunamdai nini, na sisi tunadaiwa nini naye? La pili: tukishaujua ukweli wa dereva, je, tumeujua ukweli wa ajali?

Sababu za kuuliza zipo, tena nzito. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Vifo 9 kati ya kila 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina kama asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Kama unasoma haya ukiwa na miaka 22 au 27, umo katika kundi hilo. Tulifundishwa kuogopa malaria na UKIMWI, na tulifundishwa vizuri. Kuogopa basi la saa kumi na mbili asubuhi hatukufundishwa.

Taarifa ya polisi huanza pale gari linapokuwa limeshapinduka. Inaeleza mahali, saa, idadi ya waliokufa na majeruhi, na mara nyingi chanzo kilichoandikwa kwa maneno machache: mwendo kasi, uzembe wa dereva, kulipita gari jingine bila tahadhari. Haielezi safari mia moja ambazo dereva yuleyule alilipita lori kwenye kona ileile akafika salama. Tabia hujengwa katika safari hizo. Kila anapolipita gari pasipostahili na kufika, anajifunza kwamba inawezekana. Barabara inamfundisha uongo huo kwa miaka mingi kabla ya kumwambia ukweli siku moja. Kwa hiyo mwenye kutaka kuokoa watu hawezi kungoja ripoti ya ajali. Inabidi aulize habari za safari zilizofika, na anayezijua ni aliyeziendesha.

Tatizo la kwanza la kumwuliza ni kwamba binadamu hujipendelea. Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, alichapisha matokeo ya swali rahisi: ukijilinganisha na wenzako, wewe ni dereva wa namna gani? Kati ya Wamarekani aliowauliza, asilimia 93 walijiweka katika nusu ya juu ya ustadi. Kwa Wasweden ilikuwa asilimia 69. Hesabu hiyo haiwezekani, maana nusu ya juu haiwezi kubeba watu zaidi ya nusu. Kwa upande wangu, katika wiki zile sita sikumpata hata dereva mmoja aliyejiita wa chini ya wastani. Hata hivyo siamini kwamba walikuwa wakidanganya. Mwenye mikono myepesi huuita wepesi ndiyo udereva, na kwa kipimo hicho yeye ni hodari. Mwenye subira huiita subira ndiyo udereva, naye kwa kipimo hicho anashinda. Kila mmoja anasema kweli kwa rula aliyojichongea.

Ndiyo maana dodoso zuri haliulizi "wewe ni nani?" bali "unafanya nini, na mara ngapi?" Mwaka 1990 James Reason na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester walichapisha dodoso ambalo mengi ya udereva yametokana nalo. Waliorodhesha vitendo, wakamwomba dereva aseme kila kimoja hukifanya mara ngapi. Majibu yalijigawa katika mafungu, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba fungu linaloendana na ajali zaidi ni uvunjaji wa makusudi, kuliko kusahau na kubabaika. Kiswahili kilikuwa na mafungu hayo kabla ya watafiti: kuna kupitiwa, kuna kukosea, na kuna kukaidi. Aliyepitiwa tunampa pole, na aliyekosea tunamfundisha. Aliyekaidi alijua, na bado akafanya. Huyo ndiye wa kuulizwa kwa nini, na jibu lake ndilo linaloweza kumponza.

Hapo tunafika kwenye deni. Dereva akikiri kwamba huendesha kilomita 110 kwa saa mahali pa 80, amenikabidhi kitu chenye makali. Anajua trafiki akiwa na tochi yake angemwandikia faini ya shilingi 30,000 kwa kosa hilohilo. Anajua tajiri wake angekana kwamba ndiye anayemtaka awahi. Mimi namwahidi kwamba jina lake haliandikwi. Yeye ananitazama, anatazama kishikwambi, anatazama beji niliyovaa shingoni, kisha anapima kama ninafanana na mtu wa serikali.

Kuna njia ya hesabu ya kumpunguzia mtu mzigo huo. Wazo lilitolewa na Stanley Warner mwaka 1965, na toleo lake rahisi ni la sarafu. Dereva anarusha sarafu mahali nisipoiona. Ikitua upande wa kichwa, anajibu "ndiyo" hata kama ukweli wake ni hapana. Ikitua upande mwingine, anasema ukweli wake. Mimi ninayesikia "ndiyo" sijui kama imetoka kwake au kwa sarafu. Lakini nikiwa na watu wengi najua hesabu ya jumla. Wakiwa 200, na 130 wakasema "ndiyo", kama 100 wamelazimishwa na sarafu, na 30 katika 100 waliobaki wamesema kweli. Nimepata asilimia 30 bila kumjua mkosaji hata mmoja.

Niliipenda sana njia hiyo darasani. Stendi ikanionyesha upande wake mwingine. Dereva mmoja wa daladala, kijana wa kofia ya kiislamu, aliikataa sarafu akisema hawezi kushika kamari mchana wa Ramadhani. Tukabadilisha, tukatumia vizibo viwili vya soda ndani ya mfuko wa kitambaa, kimoja chekundu na kimoja cheupe, naye akaridhika. Wa pili alikuwa na pingamizi gumu zaidi. "Dada, mimi tangu nipate leseni sijawahi kuendesha nimelewa. Kizibo chekundu kinaniambia niseme ndiyo. Huo si uongo?" Nilimweleza kwamba ndani ya mchezo huu "ndiyo" haina maana ya kawaida, kwamba mimi na yeye tunalijua hilo, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Alifikiri kidogo. Akasema: "Kwa hiyo ili niaminiwe mimi mkweli, inabidi nisimame kwenye foleni moja na walevi." Kisha akachukua mfuko, akaingiza mkono.

Sijaona mahali pengine ambapo maana ya siri imeelezwa vizuri kuliko pale. Njia inayomlinda mkosaji inamwomba asiye na kosa amkopeshe kivuli chake. Anayekubali anatoa sehemu ya sifa yake njema ili mtu asiyemjua aweze kusema kweli bila kuogopa. Tunaandika kwenye ripoti kwamba wahojiwa "walishiriki kwa hiari", lakini nadhani wengine walifanya zaidi ya kushiriki.

Sasa niseme habari ya swali la thelathini na moja: "Katika siku 30 zilizopita, ni mara ngapi umesinzia ukiwa unaendesha?" Asubuhi moja, yapata saa mbili, nilimsomea dereva wa basi la kwenda Mbeya. Tangu serikali iruhusu mabasi kusafiri saa 24 mwaka 2023, stendi haina tena mwanzo wala mwisho wa siku. Aliniomba nirudie ahadi ya siri. Nikairudia. Akasema, "Basi weka hiyo ya mwisho." Ya mwisho ilikuwa "karibu kila safari ndefu". Halafu bila kuulizwa akaongeza kwamba ameingia na basi hilohilo saa kumi alfajiri, amelala saa mbili kwenye kiti cha nyuma, na anageuka nalo saa tatu. Nikamwuliza mwenzake yuko wapi, kwa maana safari ya saa zaidi ya 8 inatakiwa kuwa na madereva wawili. Akacheka kwa pua. "Karatasini tuko wawili."

Abiria walikuwa wameshaanza kupanda. Askari wa usalama barabarani alikuwa amesimama kama hatua hamsini kutoka pale tulipokaa. Mkononi nilikuwa na karatasi ya ahadi, yenye sahihi yangu.

Wahenga wanasema ahadi ni deni. Ukifuata njia hiyo, jambo ni jepesi: niliahidi, nitanyamaza. Na nilikuwa na sababu nyingine za kunyamaza. Ningemwita askari, kabla ya adhuhuri stendi nzima ingejua kwamba dada wa maswali anachongea. Hakuna dereva ambaye angejibu swali la thelathini na moja kwa ukweli tena, kwangu wala kwa atakayekuja baada yangu, na usingizi barabarani ungerudi kuwa siri ya kila mmoja peke yake. Lakini wale waliokuwa wakipanda hawakuwa wametia sahihi popote. Mama aliyekuwa akimpandisha mtoto na ndoo yake hakujua kwamba mimi na dereva tuna makubaliano, na kwamba yeye amewekwa rehani ndani yake. Deni nililoliahidi lilikuwa langu. Ningewezaje kulilipa kwa mfuko wa mwingine?

Niliona, na bado naona, kwamba ahadi ya siri inafunga kile ninachokichukua kwa mtu na kukipeleka kwa wengine. Haifungi mdomo wangu mbele yake mwenyewe. Nikazima kishikwambi, nikamwambia: "Kaka, maswali yameisha. Sasa naomba nikuambie neno kama abiria." Nikamwambia kwamba majibu yake sitampa mtu, lakini siwezi kukaa pale nikiwatazama wale wakipanda kana kwamba sijasikia. Namwomba yeye mwenyewe, anayejua, afanye anachojua. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Na tajiri nitamwambia nini?" Nikamjibu sijui. Akakaa kimya. Kisha akamwita konda, akamwambia atangaze gari lina hitilafu ndogo, akampigia simu mwenzake aliyekuwa Iringa ampokee huko, kwa makubaliano ya kugawana posho, akapanda kupitia mlango wa nyuma na kulala.

Alilala dakika hamsini. Abiria walimsimanga konda dakika hamsini. Walisema wamelipa nauli, wana vikao, wana msiba, wana mgonjwa. Bwana mmoja wa shati safi na mkoba wa ofisini alitishia kulishtaki basi LATRA kwa kuchelewesha watu. Konda, asiyeweza kusema ukweli, alisimama mlangoni akivumilia. Nilikuwa pembeni nikiwasikiliza watu wakipigania kwa nguvu zao zote kupelekwa mbio na mtu aliyekuwa na usingizi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Na hata wangeambiwa, sina hakika kama wote wangenyamaza.

Jioni nilipata meseji, kwa kuwa namba yangu ilikuwa kwenye karatasi ya ahadi: "Tumefika dada wa maswali." Nilifurahi, lakini sikutaka furaha hiyo inifundishe kitu. Dakika hamsini si usingizi wa kumtosha mtu aliyeendesha usiku kucha. Basi lile lingepinduka kabla ya Iringa, kwenye miteremko ya Kitonga, uamuzi uleule, wenye sababu zilezile, ungepewa jina jingine. Dereva anayepita kwenye kona na kufika hudhani kwamba kufika kumemhalalishia. Mimi nami nikisema nilifanya sawa kwa kuwa walifika, nitakuwa nimehitimu katika shule yake. Kama nilichofanya kilikuwa sawa, basi kilikuwa sawa saa tatu asubuhi, kabla ya mtu yeyote kujua mwisho wake.

Ndiyo maana swali langu la pili halijaniacha. Rudia kumtazama mtu yule. Dodoso lilimrekodi kama dereva mwenye tabia hatarishi, na tabia hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini usingizi wake ulikuwa na waandishi wengi: ratiba aliyopangiwa, mwenzake wa karatasini, na abiria wa shati safi. Kwa dereva wa daladala waandishi ni wengi zaidi. Tajiri anataka hesabu, kiasi kilichokubaliwa kwa siku. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho cha dereva na konda. Kuna siku kinabaki cha kutosha, kuna siku hakibaki kitu, na kuna deiwaka kijiweni anayesubiri usukani huo huo ukikataliwa. Kwa mtu wa namna hiyo, kumpita mwenzake ili afike kituoni kwanza ni chakula cha jioni. Dodoso letu lilimwuliza kama anapenda mwendo kasi. Wengi walicheka waliposikia neno "unapenda".

Matteo Rizzo, aliyetafiti daladala za Dar es Salaam kwa miaka mingi na kuandika kitabu Taken for a Ride, kilichotoka mwaka 2017, ameonyesha jinsi uhusiano huo wa tajiri na dereva asiye na mkataba unavyosukuma mwendo kasi na ujazaji wa abiria. Katika kazi zake amegusa pia jambo linalowahusu wote wanaoandika madodoso kwa Kiswahili. Neno "kuajiriwa" masikioni mwa watu wengi lina maana ya kazi yenye mkataba na mshahara wa mwezi. Mtu anayemfanyia kazi tajiri bila karatasi, akiulizwa kama ameajiriwa, atasema hapana. Dodoso litamwandika amejiajiri mwenyewe, na tajiri atatoweka kwenye takwimu. Neno moja lililochaguliwa mezani linaweza kumfuta mtu anayekula sehemu kubwa ya mapato ya barabara, na akishafutwa kwenye majibu hatakuwamo kwenye lawama.

Jambo hili si dogo, kwa sababu mwendo una bei yake. Watafiti wa usalama barabarani wanakadiria kuwa mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa kama asilimia 4. Tajiri anayepandisha hesabu, au mwenye basi anayekata saa moja kwenye ratiba, anagusa namba hiyo kwa uhakika kuliko dereva mmoja mmoja. Hakuna aliyemfuata na kishikwambi kumwuliza: "Katika siku 30 zilizopita, ni mara ngapi umempigia simu dereva wako akiwa njiani kumwuliza kwa nini hajafika?"

Wala hakuna aliyemwuliza abiria. Nchini Kenya, mwaka 2008, James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walijaribu jambo ambalo lingechekesha kikao chochote cha wataalamu wa barabara. Walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu, zikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya, na madereva waliozitunza stika wakaingizwa kwenye bahati nasibu. Madai ya bima ya ajali kwa matatu hizo yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Katika jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015 na kujulikana kwa jina la Zusha, yalipungua kwa kati ya robo na theluthi. Stika haikurekebisha barabara wala breki. Iliwaambia watu kumi na wanne waliokaa kimya kwamba kimya chao nacho ni kitendo. Nikiikumbuka Msamvu naona abiria tayari wana sauti, tena kubwa. Kinachokosekana ni kuielekeza.

Kuna nchi iliyolipeleka wazo hili mpaka kwenye sheria. Mwaka 1997 Bunge la Sweden lilipitisha sera ya kutokuwa na kifo barabarani, ambayo msingi wake ni kwamba binadamu atakosea daima, kwa hiyo wanaojenga barabara, magari na kanuni wana wajibu wa kuhakikisha kosa lake halimuui. Hapo mzigo unahama. Swali halibaki kuwa dereva ana mtazamo gani tu. Ni pia kwa nini pembeni mwa kona hii hakuna ukingo, na kwa nini shule imejengwa kando ya barabara kuu bila tuta wala kivuko.

Najua jibu la msomaji makini: tukiwagawia wote lawama, tumemsafisha dereva. Kila mkosaji ana tajiri wake, ana njaa yake, ana abiria wake wa shati safi. Ni pingamizi la haki, na waliolijibu vizuri kuliko mimi ni madereva wenyewe. Katika kampuni ileile, kwenye ratiba ileile, nilikutana na waliokuwa wakigoma kugeuka bila kulala, wakakatwa posho, wakabaki na msimamo wao. Kubanwa si kufungwa. Mlango ukibaki wazi kidogo, anayepita amepita kwa miguu yake, na asiyepita amelipa gharama ambayo mimi na wewe hatukuilipa. Kusema kwamba dereva hana hiari ni kuwanyang'anya hao heshima yao.

Lakini lawama na wajibu si kitu kimoja. Lawama inatazama nyuma, inatafuta mmoja, na ikimpata inapumzika. Wajibu unatazama mbele, unaweza kuwa wa watu wengi kwa wakati mmoja, na wa mmoja haupungui kwa kuwa mwenzake naye anao. Tajiri akiwajibika kwa ratiba yake, dereva hajapunguziwa hata nukta ya wajibu wake wa kusimama anapozidiwa na usingizi. Mahakama ina haki ya kumtafuta mmoja. Utafiti unaotaka kuokoa watu hauna sababu ya kuishia kwa mmoja, tena yule aliye rahisi kumpata kwa kuwa yuko stendi tangu alfajiri na hana ofisi ya kujifungia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema madodoso haya yaachwe. Nadai yapanuliwe, na yalipe madeni yake. Mwenye gari aulizwe kwa ukali uleule anaoulizwa dereva, kwa mfuko uleule wa vizibo kama ataogopa. Abiria aulizwe. Methali ziachwe misibani, zisitumike kama mtego. Ahadi ya siri iseme wazi, kabla ya swali la kwanza, nitafanya nini nikisikia hatari inayoondoka baada ya saa moja, ili anayenijibu ajue mapema mipaka ya ninachomwahidi. Na majibu yarudi yalikotoka. Yule mzee wa Tunduma aliniuliza alipomaliza: "Haya tuliyoyasema, tutayasikia wapi?" Kwenye mwongozo wa wahojaji hapakuwa na jibu la swali hilo. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, ikawasilishwa ukumbini. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, uliobandikwa kwenye mbao za matangazo za stendi, haungegharimu hata mafuta ya safari moja ya kwenda Mbeya.

Wewe unayesafiri mwisho wa muhula, au sikukuu zikikaribia, huenda usikutane na mtu wa kishikwambi. Basi nakuachia maswali mawili ambayo hayakuwamo kwenye dodoso letu. Katika safari zako za mwaka huu, ni mara ngapi umelalamika kwamba gari linachelewa? Na ni mara ngapi umemwambia dereva, kwa sauti ambayo wengine waliisikia, apunguze mwendo? Hapa sarafu haihitajiki. Hesabu zako mwenyewe.